Msimamizi amenikatalia mada mara mbili, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Wakili. Nasoma shahada ya kwanza ya sheria hapa Dar es Salaam, niko mwaka wa mwisho, na natakiwa kupeleka mada ya andiko la utafiti kabla ya muhula kwisha. Mada ya kwanza ilikuwa "Haki za Wafanyakazi Tanzania". Msimamizi akasema ni pana mno. Nikapeleka "Tatizo la Ndoa za Utotoni Tanzania", akasema hiyo imeandikwa na kila mtu. Wenzangu wananishauri niandike kuhusu akili mnemba kwa kuwa ndiyo habari ya mjini. Mada nzuri hupatikanaje, na nitajuaje kwamba haitanikwamisha katikati? (Msomaji, Ubungo)

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako hajakuonea, ila amekujibu kwa mkato. Mara zote mbili ulimpelekea somo, hukumpelekea mada. Haki za wafanyakazi ni kozi nzima yenye mhadhiri wake na mtihani wake. Andiko la sheria linataka swali ambalo wanasheria wawili makini, waliosoma vifungu vilevile, wanaweza kulijibu tofauti na kila mmoja akawa na hoja. Jibu likiwa wazi kifunguni, huna utafiti hapo, una nukuu tu. Na kama kila msomaji anakubaliana nawe tangu ukurasa wa kwanza, kurasa zinazofuata utazijaza na nini?

Hiyo ya ndoa za utotoni usiitupe bado. Kwa maoni yangu ina nyama kuliko zote ulizotaja, isipokuwa uliikamata pasipo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, iliweka umri wa chini wa kufunga ndoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, huku mahakama ikiruhusiwa kutoa kibali kuanzia miaka 14. Kifungu cha 17 kikahusu ridhaa ya mzazi au mlezi kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mahakama Kuu iliona vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali. Maandiko mengi ya wanafunzi huishia hapo: yanasimulia kesi, yanaorodhesha madhara kwa mtoto wa kike, kisha yanaliomba Bunge libadilishe sheria. Msimamizi wako ameyasoma hayo mpaka anayajua kwa moyo.

Sasa fungua Katiba, ibara ya 30(5). Inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kutoitamka sheria kuwa batili palepale, bali kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Sheria hiyo itahesabiwa kuwa halali hadi marekebisho yafanyike au hadi muda uliowekwa uishe, na katika hayo mawili linalokuja mapema ndilo linalozingatiwa. Hebu rudia hayo maneno ya mwisho taratibu. Muda ukiisha na Bunge halijagusa kitu, kifungu kinabaki na hadhi gani? Kinakoma chenyewe, au lazima mtu arudi mahakamani kuomba tamko? Ule mwaka mmoja ulihesabiwa kuanzia 2016, au rufaa iliusimamisha hadi 2019? Na hakimu akiletewa leo ombi chini ya kifungu hicho, analisikiliza au analifuta? Ndoa iliyofungwa katikati ya sintofahamu hiyo inasimama wapi, pamoja na watoto na mirathi itakayotokana nayo?

Haya ndiyo maswali ambayo wanasheria wawili wanaweza kuyagombania. Kichwa chako basi kinaweza kuwa: "Hadhi ya kifungu cha sheria baada ya kwisha kwa muda wa marekebisho uliotolewa chini ya ibara ya 30(5) ya Katiba", na Sheria ya Ndoa ikawa mfano wako mkuu. Umeona ilivyogeuka? Suala ni lilelile la jamii, lakini sasa kuna jambo la kisheria la kuthibitisha. Utahitaji pia Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, ambayo kifungu chake cha 13(2) kinakwenda sambamba na ibara hiyo. Ukitaka nchi ya kulinganisha, Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 172, nayo inaruhusu mahakama kusimamisha tamko la ubatili kwa muda ili mamlaka husika irekebishe kasoro. Ila usilinganishe nchi nne. Moja uliyoielewa inatosha.

Mada ya kwanza nayo inaokoleka kwa njia hiyohiyo, yaani kushuka kutoka jina la somo mpaka kwenye kifungu kimoja kinachobishaniwa. Chukua madereva wa teksi mtandao. Wapo Mlimani City, wapo uwanja wa ndege, na ugomvi wa kamisheni kati ya kampuni na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, mwaka 2022 ulisikika nchi nzima. Swali la watu mtaani ni kama wanaonewa. Swali lako wewe ni kama ni waajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inaweka dhana kwamba mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, bila kujali mkataba umeandikwaje, ikiwa dalili mojawapo kati ya kadhaa ipo: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi hiyo, amemfanyia kazi huyo mtu kwa wastani wa walau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vitendea kazi, au anamfanyia kazi huyo mmoja tu.

Sasa muweke dereva mbele ya orodha hiyo. Gari ni lake au la bosi wake wa hapa mjini, kampuni haijampa hata kitambaa cha kufutia kioo. Saa anajipangia. Lakini nauli inapangwa na programu, nyota za abiria zikishuka anafungiwa, na akiwa barabarani kutwa saa 45 anazimaliza ndani ya wiki. Wengi wana programu mbili au tatu kwenye simu moja, hivyo wanamfanyia nani kazi? Na bosi mwenye gari anayedai hesabu kila jioni, yeye ndiye mwajiri au ni kampuni ya mtandao? Hili la bosi ndilo ambalo majaji wa Ulaya hawatakusaidia sana, na ndipo andiko lako litakapokuwa na sauti ya Dar es Salaam.

Nje kuna vya kusoma. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Februari 2021 kwamba madereva wa Uber walioshtaki ni wafanyakazi wanaostahili kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, lakini angalia vizuri: waliwekwa katika kundi la kati lililopo kwenye sheria ya kule, siyo waajiriwa kamili. Kwetu kundi hilo halipo kwa jina, japo tafsiri ya "mwajiriwa" kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni pana kuliko mkataba wa ajira peke yake, na inamwachia Waziri nafasi ya kutangaza kundi fulani kuwa waajiriwa. Afrika Kusini, ambayo sheria yake ya kazi ina kifungu cha 200A kinachofanana mno na cha 61 chetu, Mahakama ya Kazi mwaka 2018 ilitengua ushindi wa madereva kwa kuwa walikuwa wameshtaki kampuni tanzu ya nchini badala ya ile ya ng'ambo waliyoingia nayo mkataba. Kanada nako, mwaka 2020, Mahakama ya Juu ilikikataa kipengele kilichomtaka dereva apeleke mgogoro wake kwenye usuluhishi Uholanzi. Kwa hiyo ukichoshwa na kifungu cha 61, swali jingine liko palepale: dereva wa Tandika amshtaki nani, na wapi? Muombe mmoja afungue simu akuoneshe masharti aliyoyakubali kwa kubonyeza. Soma jina la kampuni na sheria ya nchi inayotawala mkataba. Hapo huna haja ya dodoso la kurasa sita.

Kabla hujaipenda mada, ipime. Ingia TanzLII, yaani hazina ya mtandaoni ya sheria na hukumu za Tanzania, tafuta kifungu chako kwa namba na kwa jina la sheria, usome hukumu zenyewe na siyo muhtasari wa mtu. Kuna vitu viwili vya kuwinda humo. Cha kwanza ni majaji wa Mahakama Kuu wanaotofautiana juu ya kifungu kimoja wakati Mahakama ya Rufani bado haijasema. Cha pili ni Mahakama ya Rufani yenyewe kukaa na majaji watano badala ya watatu wa kawaida, maana mara nyingi hiyo ni ishara kwamba kuna maamuzi yake yaliyokinzana. Vilevile kifungu kilichorekebishwa karibuni hufaa. Mwaka 2021, kwa mfano, mabaraza ya kata yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi yakaachiwa kusuluhisha, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 mtu anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayeandika hapo ana kata zote za jiji za kwenda kukaa na kutazama.

Usipopata hukumu hata moja, usikimbilie kuandika kwamba "eneo hili halijafanyiwa utafiti". Huenda migogoro ipo ila inaishia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, ambako tuzo nyingi (yaani maamuzi yake) hazifiki mtandaoni mpaka mtu azipeleke Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Au huenda hakuna mgogoro kabisa na kifungu kinafanya kazi yake kimya kimya. La kwanza ni mada, la pili siyo. Kisha pitia hazina za maandiko za vyuo: Dar es Salaam, Mzumbe, Chuo Kikuu Huria. Ukikuta mtu ameandika kitu chako miaka ya nyuma, soma sura yake ya mwisho. Mara nyingi kuna swali amelitaja akaliacha, na hilo unaruhusiwa kulichukua.

Akili mnemba mimi singekushauri, kwa ngazi yako. Utatumia nusu ya andiko kueleza mashine inavyofanya kazi, na nusu nyingine kuomba sheria itungwe. Ukiwa na hamu nayo sana, ishushe mpaka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, utafute humo kifungu kinachohusu maamuzi yanayofanywa na mashine bila mtu, ubanane nacho. Na ukiitumia hiyo akili mnemba kukutafutia kesi, kila kesi ithibitishe TanzLII kabla haijaingia kwenye tanbihi. Inabuni majina ya kesi kwa kujiamini kuliko wakili wa utetezi, na msimamizi akikukamata na kesi isiyokuwepo hakuna maelezo yatakayokutoa.

Jambo dogo linaloangusha wengi ni toleo la sheria. Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, limeanza kutumika Julai 2025, na urekebu huweza kubadilisha namba za vifungu. Namba nilizokutajia za sheria za ndoa, haki za msingi na kazi ni zile zilizozoeleka katika matoleo ya nyuma, na ndizo utakazozikuta kwenye hukumu za zamani. Weka mtindo mmoja, taja toleo tangu ukurasa wa kwanza, na pale namba inapotofautiana andika zote mbili.

Ukiamua kwenda uwandani kuongea na madereva au wajumbe wa baraza la kata, anza na barua ya chuo mapema. Ofisi ya mkoa itaitaka, kisha wilaya, kisha mtendaji wa kata, na kila meza ina ratiba yake. Ndiyo maana kwa muda uliobaki kwako naona ibara ya 30(5) ni salama zaidi, kwani vyote unavyohitaji viko maktabani na kwenye simu yako. Safari hii usimpelekee msimamizi kichwa cha habari peke yake. Andika nusu ukurasa: kifungu ni hiki, hukumu hizi mbili zinakisoma hivi, swali langu ni hili, na jibu ninaloshuku ni hili. Jibu linaweza kubadilika baadaye, hilo halina shida, lakini atakuwa na kitu cha kubishana nacho.