Mama yake Kanazawa na bibi yako

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama mjukuu wangu aanze karate hapo London sasa ana miaka 6, au mngoje akue kidogo. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nikajikuta namwaza mama yake Kanazawa.

Picha ya mwanawe unaijua, ile iliyokaa juu ya redio mpaka mchwa wakala fremu. Hirokazu Kanazawa, yule mwanakarate wa Japani, mzaliwa wa Iwate. Mwaka 1957, siku chache kabla ya mashindano ya kwanza ya chama chao cha karate huko Tokyo, akavunjika mkono wa kulia. Akataka kujitoa. Mama yake, aliyefunga safari kuja kumtazama, akamuuliza: mkono wa pili huna? Na miguu je? Akaingia, akatoka bingwa. Ndiyo maana siku zote nawaambia, ngumi inatoka kisigino.

Mimi nilivunjika kidole gumba wiki ya mtihani wa mkanda wa kahawia. Bibi yako akanifuata ukumbini, mwavuli mkononi. Nikamsimulia habari hiyohiyo ya Kanazawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo ana mama yake. Wewe mama yako mimi." Akanishika sikio, mtu mzima wa miaka 19, akanitoa mbele ya wenzangu waliokwisha panga mstari. Kidole kilipona. Ukumbini sikurudi tena.

Pengine alikuwa na haki. Nani angenilisha na kidole kilichopinda? Lakini mwenzangu Kanazawa alikwenda Hawaii 1961, akaja kufundisha hapohapo London 1965, kisha Ujerumani, na 1978 akaanzisha shirikisho lake mwenyewe. Asingeingia ulingoni siku ile, nani angempeleka huko? Ingawa, tuseme kweli, walimu wake walimjua kabla mkono haujavunjika. Basi bibi yako hakuniharibia kitu. Ila lile sikio! Angenishika hata mkono.

Na ujue mwaka uliofuata, 1958, Kanazawa alikutana na mwanakarate mwenzake, Mikami, kwenye fainali. Walizungukana, wakatazamana, kila mmoja anatafuta upenyo kwa mwenzake na haupati, mpaka wakatangazwa mabingwa wote wawili. Mimi fainali hiyo naipenda kuliko ile ya mkono. Watoto wa siku hizi utawafundisha vipi kungoja namna ile? Wanataka mkanda mweusi kabla meno hayajaota.

Sasa aanze lini? Jibu ninalo, liko hapa kwenye ncha ya ulimi, na mama yako kaniambia nilimeze kwa sababu mtoto ni wenu. Haya, nimelimeza. Lakini siku mtakayompeleka, mtazame kisigino cha mguu wa nyuma anapopiga. Kikiinuka, mwambie babu kasema akishushe.

Baba yako