Mzazi hapokei simu ya shule: majibu kwa walimu wa msingi

Nina wanafunzi 87 darasa la tatu. Nikiwapigia wazazi, nusu ya namba hazipatikani, na zinazoita hazipokelewi. Nifanyeje? (Mwalimu, Kahama)

Hayo ni matatizo mawili, Mwalimu. Simu isiyopatikana ni kosa la daftari. Namba iliyoandikwa mtoto alipoingia darasa la awali huenda laini yake imeshakufa, au ni ya baba aliyeko machimboni huku mtoto analelewa na bibi. Kila Januari chukua namba mbili kwa kila mtoto, na pembeni uandike ni ya nani, anaishi na mtoto au la, na anapatikana saa ngapi. "Baba, bodaboda, baada ya saa 2 usiku" inatosha. Mzazi akiwa bado amesimama mbele yako, bipu hapo hapo. Isipoita, kuna tarakimu imekosewa, mrekebishe palepale. Julai pitia tena.

Isiyopokelewa ni habari nyingine. Mzazi akiona namba ya mwalimu huwaza ama mchango ama kesi, na mara nyingi hakosei. Kwa hiyo meseji ya kwanza iwe ya heri. Andika tano kwa siku, na watoto 87 wataisha ndani ya siku 18 za masomo. Kwa mfano:

*Habari mama Neema. Ni mwl wa darasa 3B. Neema leo amesoma aya nzima bila kusaidiwa. Usiku asome uk. 14 kwa sauti, dakika 10. Nijibu: NIMEPATA.*

Ukihesabu pamoja na nafasi, haifiki herufi 160, kikomo cha meseji moja. Ikizidi, utakatwa kama umetuma mbili. Emoji usiweke, kwani hata moja tu inashusha kikomo hadi 70. Angalia pia kwamba ina habari moja na kazi moja. Ukichanganya kusoma, sare, kikao na hela ya uji, mzazi atakumbuka ile ya hela tu. Neno NIMEPATA nalo lina kazi yake: asiyejibu kwa siku mbili, hamia namba ya pili.

Mlezi asiyejua kusoma asiandikiwe barua. Mtoto ndiye atakayemsomea bibi yake barua inayomshtaki, na hakuna mhariri hodari kama huyo. Piga simu, dakika tatu zinatosha.

Mzazi amekuja juu kwa sababu mwanawe wa darasa la nne kapata 34 ya Hisabati. Anadai tumemfelisha. (Mwalimu wa taaluma, Iringa)

Anaisoma kama 34 kati ya 100. Kwa madaraja ya Baraza la Mitihani, somo la shule ya msingi hupimwa kwa alama 50, na 31 hadi 40 ni B. Andikeni "34/50, B" kwenye kila ripoti, hasa kama majaribio ya darasani mnasahihisha kwa 100. Kisha ongeza mstari mmoja wa kile mtoto asichoweza: "Anajumlisha vizuri, bado kugawanya tarakimu tatu kwa moja." Huo mstari mzazi anaweza kuufanyia kazi jioni. "Nafasi ya 41 kati ya 87" haumwambii afanye nini.

Je, naweza kubandika matokeo kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi?

Hapana. Matokeo ya mtoto ni taarifa zake binafsi, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kila mzazi apewe ya kwake. Kikundi kibaki cha matangazo, wasimamizi pekee ndio watume, la sivyo tarehe ya kikao itazikwa chini ya salamu za Ijumaa. Na wenye kitochi hawamo humo, kwa hiyo kila tangazo lipelekwe pia kwa meseji.

Mimi ni mwalimu kijana. Mzazi akija na hasira darasani, nianzie wapi? (Mwalimu, Tanga)

Anza na shikamoo, hata kama amekuja akifoka. Ni vigumu mtu aliyekwisha kuitikia marahaba kuendelea kupiga kelele. Mtoe mbele ya wanafunzi, mpe kiti, nawe ukae upande wake, meza isiwe katikati. Mwache amalize, ukimkatiza ataanza upya. Baada ya hapo fungua daftari la mahudhurio na la mazoezi, umwonyeshe tarehe. "Mtoto wako mtoro" ni tusi. "Hakuwepo tarehe 4, 5 na 11, zote ni siku za gulio" ni jambo la kuzungumza, na pengine utagundua ni yeye mwenyewe aliyemwachia kibanda. Kabla hajaondoka, kubalianeni jambo moja na siku ya kupigiana simu, uiandike mbele yake. Siku hiyo ikifika, piga wewe.