Chuma kipya cha skeiti hakiji kikiwa tayari: niliyojifunza kwa miaka 6 ya kuwa mama wa hoki

Swali la jinsi ya kununua, kunoa na kutunza chuma cha skeiti, yaani kile kipande kirefu chini ya kiatu kinachokanyaga barafu, nimeulizwa mara nyingi sana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, saa zingine na mama ambaye ndio kafika huku Edmonton, Kanada, mwaka jana na mtoto ashapenda hoki ya barafu shuleni, kwa hivo leo naandika yote mara moja ili mtu akiniuliza namtumia linki tu.

Nianze na yaliyonipata. Kijana wangu alikua na miaka 9, chuma cha skeiti zake kikawa kimenolewa mpaka kimebaki kifupi kabisa, kinakaribia ile plastiki nyeupe inayokishika. Nikaagiza cha badala mtandaoni, kikaja kwa boksi kinang'aa vizuri mpaka unaona uso wako, baba yake akakifunga usiku na kesho yake alfajiri tuko uwanjani. Mtoto akakanyaga barafu akaanguka. Akainuka, akasukuma mguu mmoja, akaanguka tena, mimi huku nje ya kioo cha uwanja nishaanza kuomba Mungu nikidhani ni mgonjwa. Kocha akamshika mkono akamleta mlangoni, akageuza kiatu akapitisha ukucha kwenye chuma, akaniuliza kimenolewa wapi. Nikamwambia hapana, hiki ni kipya. Akaniangalia kwa huruma tu.

Kumbe chuma cha badala mara nyingi kinatoka kiwandani bila kunolewa kabisa! Kinaonekana kimekamilika lakini chini ni bapa, na chuma bapa juu ya barafu kinateleza pande zote, mtoto hana cha kujizuilia. Mtoto wangu alilia siku ile, na mpaka leo nikikumbuka naumia kwa sababu kosa halikua lake.

Sasa elewa kitu kimoja ambacho kwetu sisi tuliokua na visu na panga kinachanganya. Nimekulia Likoni, fundi wa kunoa alikua anapita na baiskeli yake, anaisimamisha kwa stendi anakanyaga pedeli jiwe linazunguka cheche zinaruka, na kisu kinatoka na makali mamoja membamba. Skeiti haiko hivo. Upana wa chuma ni kama milimita 3 hivi, na mashine inachimba mfereji katikati kwa urefu wote, kwa hivo unabaki na makali mawili, la ndani na la nje, na katikati pamebonyea. Mchezaji anasimama na kukata kona kwa hayo makali. Ndio maana ukichukua tupa au jiwe la kunolea kisu pale jikoni ukasema unajaribu mwenyewe, utaharibu, nakuomba usijaribu.

Kina cha huo mfereji ndio kila kitu na kina namba, na hiyo namba lazima uijue kama unavyojua saizi ya kiatu cha mtoto. Jiwe la mashine linachongwa kwa umbo la kipande cha duara, na namba ni nusu kipenyo cha hilo duara kwa inchi, kwa hivo namba ndogo ni duara dogo na duara dogo linachimba zaidi. Yaani 3/8 ni mfereji wa kina, unashika barafu sana. 1/2 ndio wanayopewa wengi usiposema kitu. 5/8 na 3/4 ni mfereji wa juu juu, unateleza mbali kwa nguvu kidogo lakini lazima uwe na uzito wa kuubonyeza. Mtoto mwepesi anahitaji kina, baba wa kilo 95 akipewa 3/8 atachoka mapema maana kila hatua anachimba barafu. Wangu ana miaka 15 sasa, tulianza 3/8, tukaenda 7/16, saa hii yuko 1/2. Na barafu nayo ina maneno yake, ile ya nje wakati ni nyuzi 20 chini ya sifuri inakua ngumu kama zege na makali yanakataa kuingia, ile ya ndani ni laini zaidi, kwa hivo mtoto anayecheza sana nje usishangae akitaka mfereji wa kina zaidi.

Iandike hiyo namba. Mimi niliiandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya ulimi wa kiatu, kwa sababu kuna duka moja tulikua tunapeleka, kijana wa kaunta hakuuliza kitu akanoa anavyojua yeye na mtoto akacheza mashindano mazima kama amevaa viatu vya mtu mwingine. Siku hizi nasema namba kabla sijaweka skeiti mezani.

Halafu kabla sijatoka dukani naangalia vitu viwili hapo hapo mbele yao na sioni aibu. Nageuza skeiti, naweka rula ndogo ya chuma juu ya yale makali mawili ikiwa imelala kwa upana, kisha naangalia kama imekaa mraba na chuma au imeinama upande. Ikiinama maana yake kali moja liko juu kuliko jingine, na mtoto atakua anakata kona vizuri kushoto halafu kulia anateleza, na wewe na kocha mtamlaumu mtoto. Kisha napitisha ukucha kwa wepesi kila upande, kisigino, katikati, mbele. Makali mazuri yanakwangua unga kidogo wa ukucha kila mahali. Pahali pakiteleza bila kukwangua, narudisha.

Kununua chuma chenyewe: usiende na saizi ya kiatu. Angalia ile plastiki inayoshika chuma, kuna namba ya tarakimu tatu, kwa skeiti za kampuni ya Bauer mfano 254, 263, 272, hizo ni milimita na ndio kipimo. Chuma cha Bauer hakiingii kwa skeiti za CCM, kampuni nyingine, na hata Bauer kwa Bauer ile ya zamani inayofungwa kwa skrubu na hii mpya ya kufyatua kwa triga si kitu kimoja. Kuna mama alinunua mara mbili kabla hajaniuliza, na chuma kizuri kinavuka dola 100 kirahisi, hiyo ni pesa ya kutuma nyumbani. Na kama cha zamani kilikua kimechongwa mpindo maalum wa urefu, yaani ukikitazama kwa ubavu kimepinda kidogo kama kipande cha duara kubwa lenye nusu kipenyo cha futi 9 au 10 au 11, mwambie fundi akichonge kipya vile vile kabla ya kunoa, la sivyo mtoto atahisi anaanguka mbele au nyuma na hatajua kukwambia ni nini.

Sasa hapa ndio nataka mnisikilize vizuri zaidi, kwa sababu tunamaliza pesa hapa. Chuma kingi hakiharibikii kwenye barafu, kinaharibikia kwenye begi. Mtoto anatoka uwanjani amechoka, anavaa zile kava ngumu za plastiki, anatupa skeiti kwenye begi pamoja na nguo za jasho, begi linakaa kwenye gari mpaka kesho kutwa. Yale maji yamefungiwa ndani ya kava na chuma. Ukija kufungua kuna madoa ya kutu kwenye makali, na kutu ikishakula kali inabidi fundi akwangue chuma kingi mpaka afikie kizima, kila akikwangua ndio kimo cha chuma kinaisha. Unalipa kunoa na unalipa kuua chuma chako.

Kava ngumu ni za kutembelea tu, kutoka chumbani mpaka mlango wa barafu, maana sakafu ya zege na hata mchanga mdogo unaoletwa na viatu vya watu unamaliza makali kwa hatua tatu. Mtoto akitoka kwenye barafu anafuta na taulo kavu, chuma chote, mpaka pale kinapoingia kwenye plastiki, kisha anavaa zile soksi laini za kitambaa cha taulo. Mkifika nyumbani soksi nazo zitoke, skeiti zikae wazi zipate hewa. Dakika mbili tu. Tangu tuanze hivi chuma kimoja kinatuvusha msimu mzima na kinabaki, zamani tulikua tunanunua katikati ya msimu.

Na usinoe kila mara kwa wasiwasi. Wengine wananoa kabla ya kila mechi hata kama makali yapo. Mimi nanoa baada ya mara 5 au 6 za kuingia barafuni, au mapema zaidi akisema mguu umeteleza kwenye kusimama. Akigonga chuma cha mwenzake au nguzo ya goli, napitisha ukucha, kama kuna kijipengo kidogo fundi atakiondoa, kama ni kikubwa tunabadilisha chuma. Ndio maana ukiweza nunua pea ya pili ukaiweka imenolewa kwa namba ile ile, ile ya triga inabadilishwa kwa sekunde chache hata katikati ya mechi. Mashine za kunolea nyumbani zipo, Sparx ndio inayojulikana sana, lakini huku inavuka dola 1,000 na mawe yake unanunua tena na tena. Kwa familia yenye watoto watatu kwenye hoki naona inalipa. Kwa mmoja, peleka kwa fundi, mimi nalipa dola 10 hivi.

Ukisikia skeiti inalia tik tik akitembea, chuma kimelegea. Kwenye zile za skrubu funua soli ya ndani, utaona pa kukaza. Pia angalia plastiki kama ina ufa.

Na ukipata skeiti za mtumba au za kupewa, tazama kimo cha chuma kabla ya kufurahia kiatu. Hili nawaambia hata ndugu zangu wa Nairobi wanaoteleza pale hoteli ya Panari barabara ya Mombasa, uwanja uliofunguliwa 2005 na ndipo Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, walipoanzia, maana vifaa vingi vya hoki huko vinafika kwa msaada kutoka huku. Kiatu kinaweza kua kizuri kabisa na chuma kimebaki kidogo sana, plastiki inagusa barafu kwenye kona na mtoto anaanguka bila kujua kwa nini. Anayetuma msaada, tafadhali tuma na chuma cha badala cha saizi ile ile, na uandike kama kimenolewa au bado.

Jana usiku tulirudi saa nne, nikaenda jikoni kupasha chai. Niliporudi nikamkuta amekaa sakafuni na lile taulo la bluu, anafuta mpaka kwenye matundu ya skrubu, akaniambia, "Mama, ya kushoto imeanza kuteleza kidogo, Jumamosi tupitie kwa fundi."