Matroni kasema "njoo tu tuongee, uone na wodi", nivae nini?

SWALI: Habari sista. Niko kliniki ndogo, nimeomba kazi ya unesi hospitali moja na juzi matroni wao kanipigia, kasema sio intavyuu rasmi, nije tu tuongee halafu anitembeze wodini. Nivae suti au nguo za kawaida tu? Halafu asubuhi hiyo natoka shifti ya usiku, naweza kupitiliza na yunifomu yangu?

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na hongera, maana matroni hana muda wa kumtembeza wodini mtu ambaye hajamvutia.

Naanza na yunifomu kwa sababu hapo ndipo wengi wanaharibu. Usiende nayo. Umeshinda nayo usiku kucha, umegeuza wagonjwa, umefunga vidonda, sasa unaibeba barabarani mpaka kwenye wodi ya watu wengine, na matroni yeyote anayejali maambukizi ataliona hilo kabla hujakaa. Beba nguo safi kwenye begi, oga kazini kama kuna bafu, badilisha, yunifomu ifunge kwenye mfuko wake. Labda wakwambie wenyewe kwamba siku hiyo utafanya kazi kidogo na wenzao, hapo uliza uje na yunifomu gani, ije imefuliwa na kupigwa pasi, uivalie hukohuko.

Suti sio lazima. Kwa maongezi ya namna hii naonaga inamfanya mtu akae kama kabanwa, halafu mkifika wodini anashindwa hata kuinama kumsalimia mgonjwa. Suruali ya kitambaa au sketi inayofunika magoti hata ukikaa, na shati au blauzi isiyobana wala kuachia kifua ukiinama, inatosha kabisa, na kwa wanaume ni suruali ya kitambaa na shati lenye kola, tai ukiipenda sawa lakini ichomeke ndani, ile inayoning'inia inagusa kitanda hiki na kile. Jinzi iache nyumbani hata kama ni mpya, na fulana zenye maandishi pia. Jaribu nguo nyumbani: inama, chuchumaa, nyoosha mikono juu, ukiona kuna sehemu inapanda au kufunguka basi hiyo sio ya siku hiyo.

Sasa mikono, na hapa nisikilize vizuri. Kwenye unesi mtu anakuangalia mikono kabla ya nguo. Kucha fupi, safi, bila rangi, na kama umebandika kucha za bandia zitoe siku kadhaa kabla, kwa sababu vijidudu hubaki chini yake hata ukinawa vizuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unawakataza wahudumu wanaogusa wagonjwa kuvaa kucha za bandia, na kucha za asili unataka zisizidi nusu sentimita. Pete zenye mawe na bangili vua, ngozi ya chini ya pete inabeba vijidudu vingi kuliko ngozi ya pembeni. Pete ya ndoa iliyo laini sehemu nyingi wanairuhusu. Uchague pia mikono ya shati inayokunjika mpaka kwenye kiwiko, na saa ya mkononi iweke kwenye begi mkianza kutembea wodini. Ukipita penye dawa ya mikono mlangoni, paka bila kuambiwa, ukiingia na ukitoka. Najua umeuliza mavazi, ila hiyo nayo inasema kama nguo.

Pafyumu usipake kabisa, sio "kidogo tu". Kuna mgonjwa wa pumu pale, kuna anayetapika kwa sababu ya dawa za saratani, na wewe unataka wakupokee. Oga, paka kizuia jasho kisicho na harufu kali, basi.

Nywele zifungwe zisiguse mabega wala kukudondokea usoni. Kama unavaa hijabu, vaa ile inayokaa yenyewe, ncha zake zichomekwe ndani na pini zisiwe nyingi, zinadondoka. Hereni ndogo za kubana sikio hazina shida, ndefu mtoto au mgonjwa aliyechanganyikiwa atazivuta na utaumia.

Viatu vifunike vidole na kisigino, soli isiteleze, visigino viwe vifupi na visivyopiga kelele, maana kuna watu wamelala mle. Viwe vimepigwa brashi. Usiende na viatu vipya ambavyo hujawahi kuvivaa, huo mzunguko unaweza kuwa mrefu na huwezi kumsikiliza matroni huku kidole kinaungua.

Begi liwe dogo, lile lenye yunifomu ya usiku liache getini au mapokezi, usiliingize wodini. Ndani ya dogo weka nakala ya leseni na vyeti kwenye faili safi, hata kama hawajakuomba, na kalamu.

Na kwa sababu umetoka usiku, mpigie matroni leo umuulize kama anaweza kusogeza saa mbele kidogo ili upate kuoga na kupumzika. Mwambie tu unatoka shifti, yeye mwenyewe kazipitia, ataelewa. Kwenye simu hiyohiyo uliza kama mtaingia chumba chenye masharti yake, kama cha watoto njiti au cha upasuaji, maana huko watakupa gauni au nguo zao na ni vizuri ndani uwe umevaa kitu chepesi.