Nikimbilie wapi? Maswali ya wakimbiaji wa pwani, Mtwara hadi Lindi

Maswali yenu safari hii yamekuwa mengi, na karibu yote yanauliza njia: ipi nzuri, ipi fupi, ipi inamfaa mgeni wa mbio. Nami kabla ya kumjibu yeyote huwa nataka kujua kwanza maji yako wapi. Ufukwe wa saa 12 asubuhi leo si ule utakaoukuta baada ya siku nne, na wengi mnaoumia mnaumia kwa kulipuuza hilo. Tuanze.

Dada, nina miaka 43, uzito umenizidi, na sijakimbia tangu shule ya msingi. Naishi Chikongola, hapa Mtwara mjini. Nianzie wapi? Na je, watu hawatanicheka?

Anzia Shangani, lakini barabarani, siyo mchangani. Barabara za mitaa ya Shangani ni tambarare, asubuhi magari ni machache, na upepo wa bahari unakufikia hapo hapo. Mchanga laini unapendeza machoni, ila kuukimbilia kunakula nguvu kama mara 1.6 ya ardhi ngumu. Mtu anayeanza akijitosa humo, dakika ya tatu anatweta, na kesho yake harudi.

Tembea dakika 5 kupasha mwili moto. Kisha kimbia dakika 1, tembea dakika 2, urudie mara nane. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki, ukiacha siku ya kupumzika katikati. Mwendo uwe ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kuongea, umezidisha. Baada ya wiki mbili tatu, dakika za kukimbia zitaanza kuongezeka zenyewe. Kama una presha au sukari, au hujawahi kupima, pita kituo cha afya kwanza.

Kuhusu kuchekwa: nenda alfajiri moja ukatazame. Utakuta wazee wanaotembea na fimbo, kina mama wanene kuliko wewe, vijana wa mpira. Barabara ile ni yako kama ilivyo yao, usisubiri upungue kwanza ndipo utoke.

Nakimbia ufukweni Shangani kila asubuhi. Siku nyingine mchanga ni mgumu kama lami, siku nyingine maji yamejaa hadi juu. Sasa goti limeanza kuuma upande wa nje. Tatizo ni mchanga? — Msomaji wa Magomeni

Mchanga una sehemu yake, lakini mimi nashuku zaidi mteremko. Ufukwe umeinama kuelekea majini, kwa hiyo mguu ulio upande wa bahari unakanyaga chini kuliko mwenzake, hatua baada ya hatua, kilomita baada ya kilomita. Nyonga inapinda na goti linavutwa kwa nje. Nahisi unakwenda kwa ufukwe na kurudi kwa barabara, ndiyo maana upande mmoja tu ndio unaobeba mzigo wote. Ukienda kilomita moja mchangani, rudi kilomita hiyo hiyo mchangani, ili miguu ibadilishane zamu. Kwa sasa pumzika hadi maumivu yaishe, kisha rudi kwa umbali mfupi. Goti likivimba au likiuma hata ukiwa umekaa, nenda hospitali.

Sasa maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi. Huko kuchelewa ndiko kunakukoroga. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo kuna bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Lakini kwetu, siku hizo kupwa kwenyewe huangukia kama saa 4 asubuhi, jua limeshakuwa kali. Alfajiri ya bamvua maji ndiyo kwanza yanaanza kuondoka.

Mkimbiaji wa asubuhi azitafute siku tatu nne kabla ya bamvua. Kwa hesabu ya mwandamo ni kama tarehe 10 hadi 12, na tena 25 hadi 27. Hapo ukitoka saa 12 asubuhi, maji yanazidi kupungua na yamekuachia utepe wa mchanga mbichi, mgumu, ambao unyayo wako hauzami. Huo ndio wa kukimbilia. Tarehe 17 hadi 19, saa hiyo hiyo, bahari imefura. Siku hizo iache, shika barabara. Anayeweza kukuthibitishia ni mvuvi yeyote utakayemkuta akitayarisha chombo. Muulize, hatakosea.

Jambo moja zaidi, kwa sababu nimeliona likivunja mtu kifundo. Maji yakipwa, kamba za nanga hubaki zimetandazwa kutoka kwenye mashua hadi juu ufukweni, na nusu yake hufukiwa na mchanga. Katika mwanga wa alfajiri, kamba hiyo rangi yake na ya mchanga ni moja. Ukikaribia mashua, punguza mwendo na unyanyue miguu. Kule kwenye miamba usikimbie kabisa: kuna wadudu wenye miiba na mawe makali, na pia ni mahali pa kazi pa kina mama wanaotafuta pweza. Wapishe.

Mwalimu, nina miaka 19. Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, nataka nusu marathoni. Nimefikiria kwenda Mikindani na kurudi kila siku.

Njia umechagua vizuri, ila hiyo "kila siku" iondoe. Kutoka mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 11, kwa hiyo kwenda na kurudi unazidi kidogo nusu marathoni yenyewe. Hiyo ni ya mara moja kwa wiki, tena baada ya miezi ya kujijenga. Mwezi wa kwanza kimbia hadi Mikindani, kisha rudi kwa daladala. Weka nauli mfukoni, hakuna aibu. Siku nyingine za wiki kimbia kilomita 5 hadi 8, na mbili upumzike.

Barabara ile ndiyo inayokwenda Lindi na Dar es Salaam, malori hayana subira nayo. Magari kwetu hupita kushoto, hivyo wewe kaa kulia, uyaone yanakuja. Vaa nguo nyeupe. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, malori huongezeka, basi ongeza uangalifu.

Ukifika Mikindani usigeuze hapo hapo. Ingia ndani ya mji wa kale, upite kwenye vichochoro vya nyumba za mawe, halafu panda kilima cha Boma, lile ngome la Wajerumani la mwaka 1895. Panda na ushuke mara nne kwa hatua fupi, macho mbele. Kilima hicho ndicho kitakachokupa miguu, na ukiwa juu unaiona ghuba yote chini yako. Ni bandari ile ile aliyopitia Livingstone mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho barani.

Na ya Simbu uitazame vizuri. Baada ya saa 2, dakika 9 na sekunde 48, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja. Dhahabu ilipatikana kwenye hatua za mwisho kabisa, na aliyefika hapo akiwa bado na nguvu ni yule aliyezitunza.

Shikamoo mama. Nina miaka 22, nakimbia na ushungi. Joto linanisumbua, lakini zaidi ni maneno ya vijana njiani.

Marahaba mwanangu. La joto ni rahisi: tafuta ushungi wa kitambaa chepesi cha jezi, usiobana na pini, ncha zake uzichomeke ndani ya fulana. Chagua suruali pana ya mazoezi, dera liache nyumbani kwa sababu linanasa miguuni.

La maneno linaniuma, kwa sababu kosa si lako na bado gharama unalipa wewe. Tafuteni wenzenu wawili watatu mtoke pamoja, mjulishe mtu nyumbani njia mnayopita, na masikio yawe wazi, bila muziki. Barabara ya Mikindani gizani, peke yako, hapana.

Na ninyi kaka zangu mnaosoma: ukitaka kumpita mwanamke kukiwa bado na giza, salimia ukiwa mbali, kisha pita mbali. Yeye hajui wewe ni nani.

Sisi wa Lindi umetusahau?

Sijawasahau. Mji wenu umebanwa kati ya ghuba na vilima, na hiyo ni bahati. Anayeanza akae chini, barabara ya pwani, aende na kurudi. Mwenye miguu apande vilimani. Ukiwa na asubuhi nzima, vuka kwa kivuko hadi Kitunda, ukimbie upande ule.

Mwezi wa Ramadhani nikimbie saa ngapi?

Nusu saa kabla ya magharibi, taratibu, ili ukimaliza maji yawe karibu. Au baada ya tarawehe, barabara yenye taa. Mchana wa jua, acha. Usitafute kasi mwezi huo. Kutembea kwa haraka kunatosha kulinda pumzi yako.

Na ufukwe wa Msimbati?

Ni mbali na mji wa Mtwara, hivyo ifanye ya siku ya mapumziko, pamoja na kundi. Imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo fuateni taratibu za pale na taka zenu mrudi nazo. Mchanga ni mweupe na mrefu, na maji yakipwa hata magari hupita juu yake. Kimbieni asubuhi na mapema, mbebe maji ya kunywa ya kutosha. Mkitaka kuogelea baadaye, ulizeni wenyeji kwanza, maana kina chake ni kirefu karibu kabisa na ufukwe.