Ukiwa nyuma 0–3, mechi bado haijakwisha

Kwenye mashindano ya klabu ya tenisi hapa Nairobi, miaka miwili iliyopita, nilikuwa mbele 5–2 katika seti ya tatu. Seti ni mfululizo wa gemu, na mimi ilinibakia gemu moja tu nishinde mechi. Nikaanza kutunga kichwani ujumbe nitakaomtumia mama. Mpira uliofuata ukaishia wavuni, uliofuata tena ukatoka nje, na haikuchukua muda tukawa tunapeana mikono, mwenzangu kashinda 7–5. Miguu yangu bado ilikuwa na nguvu. Moyo ndio ulikuwa umeondoka uwanjani tangu 5–4.

Tenisi haina kipenga cha dakika ya 90. Huwezi kulinda ushindi kwa kupoteza muda. Pointi ya mwisho lazima uipate mwenyewe. Hilo humtesa anayeongoza, lakini aliye nyuma na alishike kwa mikono miwili. Fainali ya Wimbledon ya 2019, Roger Federer alikuwa anaanzisha mpira, 8–7 seti ya tano, 40–15, yaani alikuwa na nafasi mbili za kumaliza mechi kwa pointi moja tu. Novak Djokovic akaziokoa pointi zote mbili za ubingwa, akashinda seti hiyo 13–12 na kutwaa taji. Ukihesabu pointi za mechi nzima, Federer alipata 218, Djokovic 204.

Mwaka 2024 Federer aliwaambia wahitimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani, kwamba alishinda karibu asilimia 80 ya mechi zake za mmoja mmoja, ila pointi ni asilimia 54 tu. Mimi takwimu hiyo ilinituliza kuliko hotuba yoyote ya kocha. Bingwa naye hukosa karibu nusu!

Kanuni zinakupa sekunde 25 kati ya pointi na pointi. Wengi wetu tunazimalizia kujigombeza. Siku hizi naupa wavu mgongo, nahamishia raketi mkono wa kushoto ili wa kulia upumzike, nanyoosha nyuzi kwa vidole, moja baada ya nyingine, mpaka zikae sawa. Pumzi mbili ndefu. Kisha naamua jambo moja: mpira unaofuata naupeleka wapi. Sijiambii “usikose”, maana neno hilo hukaza mkono. Najiambia “miguu, miguu”, na miguu husikia. Tukibadilisha upande, natia taulo kichwani, nakunywa maji, sitazami watu.

Angella Okutoyi wetu na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walipoteza seti ya kwanza 6–3 kwenye fainali ya wasichana wawili wawili, Wimbledon 2022. Wakachukua ya pili 6–4, kisha taibreki ya mwisho, yaani gemu ndefu ya pointi inayoamua mshindi, 11–9. Tofauti ya pointi mbili, na taji likaja Kenya. Kila nikitaka kuachilia seti namkumbuka binti yule.

Mwezi uliopita nilikuwa nyuma 1–6, 0–3. Jua kali, vumbi jekundu limejaa mpaka ndani ya soksi. Nikazishika nyuzi, nikaamua: mpira mrefu, bekhendi yake, yaani upande anaopigia kwa mgongo wa mkono. Gemu hiyo nikaipata, na seti nikaichukua 6–4. Taibreki nilishindwa 10–8, baada ya kupigania kila mpira. Tulipokuwa tunakung'uta viatu nilimuuliza mwenzangu kama Jumamosi yupo.