Pambizo za Ireland: maswali yenu kuhusu waandishi wa kale

Makala iliyopita ya Kitabu cha Kells imeniletea maswali mengi. Nimechagua haya.

Ni kweli kitabu kimoja kilimaliza zizi?

Karibu na kweli. Kitabu cha Kells, Injili nne kwa Kilatini za mwaka 800 hivi, kimebaki na majani 340, yote ngozi ya ndama. Ngozi ililowekwa kwenye maji ya chokaa, ikaparwa manyoya, ikawambwa kama ya ngoma, kisha ikaparwa tena mpaka ikalainika. Na vitabu navyo vililipiwa ng'ombe: Kitabu cha Ballymote kilinunuliwa mwaka 1522 kwa ng'ombe wa maziwa 140.

Mwalimu, waandishi wenyewe tunawajuaje, maana walikuwa wakinakili maneno ya wengine?

Tazama pambizoni, ndiko walikojisahau. Kwenye kitabu cha sarufi ya Kilatini kilichopo St. Gallen, Uswisi, kilichonakiliwa na Waayalandi katikati ya karne ya 9, mmoja anashukuru kwamba upepo wa usiku ule ni mkali na bahari imechafuka: Waviking, wale wavamizi wa baharini kutoka kaskazini, hawatavuka. Pengine, kwa herufi za kale za Ogham, kuna neno moja tu, *latheirt*, ambalo wataalamu wengi hulisoma kuwa ni mning'inio wa pombe. Mtu wa Mungu, lakini kichwa kinagonga.

Linalonigusa zaidi ni la Aodh Mac Aodhagáin, kijana wa ukoo wa wanasheria. Mkesha wa Krismasi wa 1350, mwaka wa pili tangu tauni iingie Ireland, aliandika kwenye kitabu cha sheria cha baba yake akimwomba Mungu amwokoe na ugonjwa ule. Mwaka ulipotimia, usiku uleule, akafungua ukurasa uleule na kuongeza: leo ni mwaka tangu niandike yale ya chini, Mungu akipenda, niufikie tena mkesha huu.

Hakimiliki je?

Hadithi yasema Mtakatifu Columba, mtawa wa Ireland, alinakili kwa siri kitabu cha Finnian, mwalimu wake. Mfalme Diarmait akaamua: kila ng'ombe na ndama wake, kila kitabu na nakala yake. Columba alishindwa kesi, na vita vikafuata. Ni hadithi, lakini angalia jinsi ng'ombe anavyorudi kila mahali.

Naweza kuviona vitabu hivi bila kwenda Dublin?

Vingi, ndiyo. Tafuta tovuti ya *Irish Script on Screen*. Picha ni bure.

Mashine ya kuchapa haikuwafukuza kazi?

Ilichelewa sana. Vitabu vya Kiayalandi vilivyochapwa vilikuwa haba, hivyo watu waliendelea kunakili kwa mkono. Mtawa Mícheál Ó Cléirigh na wenzake walikusanya historia ya nchi yao kati ya 1632 na 1636 kwa kalamu za unyoya. Na hata katika karne ya 19, walimu na wakulima wa Munster, kusini mwa Ireland, walikuwa bado wananakili mashairi na hadithi za kale, safari hii kwenye karatasi. Ndama walishapumzika.